Albamu iliyosikilizwa kwa sikio moja

Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 2022, saa moja kasoro robo asubuhi, mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye foleni ya feri ya Mombasa, upande wa Likoni. Nyuma yake kulikuwa na honi, mtu wa mkokoteni akipiga kelele apishwe, na kipaza sauti kikihimiza watu wasisukumane. Yeye mwenyewe alisema machache: "Mjomba, Arctic Monkeys wamekwisha. Wamenimaliza na mimi."

Siku hiyo ndiyo bendi hiyo ya Kiingereza ilikuwa imetoa The Car, albamu yao ya saba. Nikacheka, nikarudi kwenye chai yangu. Lakini kufikia Jumatatu ujumbe ulikuwa umefika wa tisa, huo wa mwisho una dakika nne na ushei, na neno "usaliti" nimelihesabu humo mara sita.

Kazi yangu ni mitambo ya sauti. Nafunga spika harusini na kwenye maulidi, na mwaka ule wa uchaguzi wanasiasa hawakunipa hata wiki moja ya kupumzika. Katika kazi hii mtu akikujia akisema sauti ni mbovu, humbishii. Unamuuliza alikuwa amekaa wapi. Mara nyingi utakuta alikaa nyuma ya nguzo. Basi nikaona na huyu nimtafutie nguzo yake, nione ikiondolewa malalamiko yake yatabaki mangapi.

Shabiki mwenyewe

Wakati huo alikuwa na miaka 23, karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, anaishi Likoni na kuvuka kila siku kuja kisiwani. Arctic Monkeys aliwajua akiwa kidato cha tatu, kupitia flash ya binamu yake ambamo AM, albamu yao ya mwaka 2013, ilikuwa imekaa katikati ya filamu za Kihindi na nyimbo za Diamond. Mdundo wa gitaa unaofungua "Do I Wanna Know?" ndio uliomfanya anunue gitaa la mtumba, ambalo mpaka leo nyuzi zake mbili ni za kubabaisha. Ana kofia yenye ule mstari wa wimbi la sauti ulio kwenye jalada la AM. Kwenye feri aliwahi kuulizwa kama anafanya kazi hospitali, kitengo cha moyo.

Wimbo anaoupenda kuliko yote ni "I Wanna Be Yours", ule unaoifunga AM. Niliwahi kumwambia kwamba lile ni shairi la John Cooper Clarke, mshairi wa Salford, na bendi walilichukua wakalitia sauti. Akasema "aha", akaendelea kula.

Bendi yenyewe ni vijana wa Sheffield walioanza 2002 na kutoa albamu ya kwanza Januari 2006. Ile ya kwanza iliuza nakala zaidi ya 360,000 Uingereza katika wiki moja, rekodi kwa bendi inayoanza. Ilikuwa muziki wa mbio, gitaa mbili zinagombana, na mwimbaji wao Alex Turner akisimulia kwa kasi mambo ya vijana wanaozuiliwa kuingia dansini. Mpwa wangu anaijua vizuri na ile pia. Kwa hiyo hakuwa mtu wa wimbo mmoja wa TikTok, na hilo ndilo lililonifanya niuchukulie kwa uzito ule mdomo wake.

Ukiondoa matusi, malalamiko yake yalikuwa haya: kwanza, gitaa limekwenda wapi. Tena, nyimbo zote zinakwenda mwendo wa msafara wa jeneza. Turner naye anaimba kama wale waimbaji wa hoteli za watalii, mtu mmoja na kinanda chake kando ya bwawa la kuogelea, watalii wanakula kamba na hakuna anayemtazama. Na maneno hayashikiki. Mtu anaongea mpaka wimbo unakwisha, hukuelewa alikuwa anamwambia nani.

Akaongeza ushahidi: albamu imeshika nafasi ya pili Uingereza, ilhali zote sita za nyuma zilishika ya kwanza. Hilo ni kweli, lakini siku hiyohiyo ya 21 Oktoba Taylor Swift alikuwa ametoa Midnights. Ukipanga harusi yako usiku mmoja na ya mtoto wa tajiri mtaa wa pili, ukumbi wako hauwi mbaya kwa kuwa una viti vitupu. Ushahidi huo niliutupa.

Alivyosikiliza

Jumapili akaja Kibokoni, kwa mama yangu, ambaye ni bibi yake. Baada ya mahamri na mbaazi nikamuhoji.

"Ulisikiliza kwa chombo gani?"

"Kwa simu."

"Na iafoni?"

Akazitoa mfukoni. Ya kushoto ilikufa tangu Ramadhani. Alikuwa akiitia sikioni hivyohivyo, kwa mazoea, ili upepo wa feri usiingie.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yangu inapokutana na kisa hiki. Muziki wa studio hupangwa pande mbili. Sauti ya mwimbaji, besi na ngoma kubwa kwa kawaida huwekwa katikati, maana yake zinatoka sawasawa kushoto na kulia. Vingine hutawanywa: gitaa huku, kinanda kule, fidla zimekaa upana mzima kama watu kwenye baraza. Ukipoteza upande mmoja hukipunguzii kila kitu nusu. Kilichoko katikati unacho bado, na kilichosukumwa kushoto hukipati kabisa. Mwimbaji anabaki mzima, bendi inachanika.

Sasa lisome upya lile lalamiko la mwimbaji wa hoteli. Mtu mmoja na kinanda chake, na bendi haipo! Kijana alikuwa anaeleza kwa usahihi kabisa kilichokuwa sikioni mwake.

Juu ya hapo kuna feri. Mngurumo wa injini zile umekaa chini, palepale besi inapokaa, na sauti mbili zikigombania kiti kimoja yenye nguvu ndiyo hukikalia. Wimbo wa tatu wa albamu, "Sculptures of Anything Goes", umejengwa karibu wote juu ya sinthesaiza nzito ya chini na mashine ya ngoma. Uutie kwenye iafoni ya bei ya barabarani, sikio moja, katikati ya mkondo wa Kilindini, utasikia mtu anayesema polepole na kitu kinachogonga kama kucha mezani. Alipouita "wimbo ambao haujaanza", sikuwa na la kumjibu.

Halafu programu. Alikuwa anatumia Spotify ya bure, na kwenye simu ya bure wakati huo hukuwa na uwezo wa kuamrisha albamu ikufuatie kwa mpangilio wake, inakuchanganyia yenyewe. Mwimbaji Adele mwaka mmoja nyuma, Novemba 2021, aliwabana Spotify mpaka wakaacha kukifanya kitufe cha kuchanganya kuwa cha kwanza kwenye ukurasa wa albamu, lakini huo ulikuwa msaada kwa wanaolipia. Mpwa wangu wa bure akapewa "Mr Schwartz", ambao ni wa tisa katika nyimbo kumi. Likafuata tangazo. Kisha "Jet Skis on the Moat", kisha wimbo wa bendi nyingine kabisa uliopenyezwa na programu, naye akadhani ni wao na akauchukia pia. "There'd Better Be a Mirrorball", ambao ndio mlango wa albamu, ulimfikia feri ikiteremsha ulimi wake upande wa kisiwani, watu wote wanasukumana washuke. Huo ndio wenye utangulizi mrefu wa piano na fidla kabla mtu hajafungua kinywa. Aliuruka.

Nguzo ya mwisho niliigundua kwa bahati. Nilimtajia Tranquility Base Hotel & Casino, ile ya 2018, akaniambia hakuwahi kuimaliza. Alisikia wimbo mmoja, akaona ni utani, akarudi AM. Hapo nikaelewa mshtuko wake. Turner alipotimiza miaka 30, yaani 2016, alizawadiwa piano ya Steinway, na sehemu kubwa ya albamu ile aliitunga akiwa amekaa kwenye piano badala ya kushika gitaa. Mkono ukibadilisha chombo, tungo nazo hubadilika: zinakuwa za kuzunguka, sauti inapanda juu, mwendo unatulia. Ile ilikuwa hadithi ya hoteli mwezini, ya kuchekesha na baridi kidogo. The Car imetoka humo. Mpwa wangu alikuwa ametoka 2013 akatua 2022, kama mtu aliyeondoka Mombasa kabla ya reli mpya akarudi akiulizia stesheni ya zamani.

Jumamosi iliyofuata

Nikamwita aje na gitaa lake aliache nje na iafoni zake azitupe. Sebuleni kwa mama niliweka spika zangu mbili za kusikilizia kazi, zile ndogo nisizopeleka harusini. Kiti chake nikakiweka mahali ambapo umbali kutoka spika hii na ile ni sawa. Albamu nilikuwa nimeinunua. Ni dakika 37, fupi kuliko foleni ya Likoni siku mbaya. Nikampa sharti moja, kwamba simu ikae mkononi mwangu.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Piano, fidla zikaingia chini yake, ngoma ya kupapasa. Mama alikuwa ukumbi wa nyuma na ungo wa mchele, anachambua mawe. Hata dakika haijatimia akatokea mlangoni, ungo mkononi.

"Hii bashraf ya nani?"

Kwa msomaji wa mbali: bashraf ni kipande cha ala tupu kinachopigwa kabla ya nyimbo katika taarabu ya kizamani. Watu wanakaa, ala zinajitambulisha, mwimbaji bado. Mama amekulia humo. Amemkuta Juma Bhalo harusini, anamjua Zein l'Abdin kwa udi wake kabla hajaimba, na Zuhura Swaleh akishikwa na taishokoto nyuma, kile kinanda cha nyuzi cha Kijapani, mama huacha kazi.

"Ni Wazungu, Bibi," mpwa wangu akasema.

"Wazungu wana fidla za namna hii?" Akakaa. Turner akaanza kuimba. Mama akasikiliza mistari miwili, na Kiingereza chake ni cha kununulia tikiti tu, akasema: "Huyu yuwaimba kama aliyekatazwa kulia."

Kijana akageuka kunitazama. Maneno ya kwanza kabisa ya wimbo ule ni mtu anaambiwa asijitie majonzi, si kawaida yake.

Kuanzia hapo mama akamfanya mkalimani. Yuwasemaje sasa? Sasa je? Naye, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akisema maneno hayana maana, ikabidi ayaseme kwa Kiswahili, na huwezi kumtafsiria bibi yako neno bila kwanza kulishika mwenyewe. Akafika pahali ambapo yule mtu anaomba, kama wanaachana, basi yule mwenziwe amsindikize mpaka kwenye gari.

"Basi yuwaaga," mama akasema. "Mgeni husindikizwa. Yuwaomba heshima yake tu."

Nikiri kwamba na mimi hilo halikuwa limenijia. Nimeisikiliza albamu inayoitwa The Car, yenye picha ya gari moja jeupe juu ya paa la maegesho, picha aliyoipiga mpiga ngoma wao Matt Helders, na sikuwahi kulifikiria gari lile kuwa ndipo watu wanapoagania. Sisi tunasindikizana kila siku, mpaka kona, mpaka stejini, mpaka tuktuk ije, na mazungumzo yenyewe mazito huanza pale nje. Mama ilimchukua mstari mmoja.

Wimbo wa tano, "Body Paint", ulimchukua muda zaidi. Kijana akatafsiri: anamwambia bado ana alama za rangi ya mwili, miguuni, mikononi, usoni. Akaeleza kwamba ni rangi za kujipaka kwa ajili ya maonyesho, au ni fumbo fulani, hajui. Mama akaguna.

"Liwa kwenye kola. Alikuwa kwa mwengine."

Liwa ni sandali wanayojipaka wanawake wa pwani. Nani angebisha? Hiyo ndiyo kazi ya mafumbo. Taarabu haikuambii mume amechelewa. Inakuambia harufu ya udi si ya nyumba hii, na wanawake ukumbini wanatazamana. Turner anatunga hivyo tangu 2018. Mtu wa gitaa za Sheffield anaona kiza, mtu aliyezoea kutegua anaona mlango. Na huyu mpwa wangu amelelewa na yule bibi, amelala mara ngapi kwenye mkeka ule ukumbini redio ikiimba nyimbo za kujibizana! Sikio lile alikuwa nalo. Aliliweka upande wa Bibi, na muziki wa Kiingereza akauweka upande mwingine, na hakuwahi kuona sababu ya kuvukisha kitu. Hata aliponisikia nikimwambia wimbo anaoupenda kuliko yote ni shairi lililotiwa sauti, alisema "aha" tu.

Gitaa

Gitaa lipo. Tulilihesabu. Wimbo wa pili, "I Ain't Quite Where I Think I Am", unaongozwa na gitaa la kanyagio la wah-wah, la kuchezeka kabisa. "Body Paint" unaishia kwa gitaa zinazopanda mpaka zinafunika fidla. Wimbo wenye jina la albamu una solo mwishoni. Tofauti ni kwamba katika AM gitaa limesimama mbele na wengine wanalifuata, na humu limerudishwa safu ya nyuma, linaitwa likihitajika. Zilizopangwa mbele ni fidla, na aliyeziandika pamoja nao ni Bridget Samuels. James Ford, prodyuza wao wa miaka mingi, amezipa nafasi pana. Kwa sikio moja, juu ya maji, safu ya nyuma haifiki.

Kwa hiyo lalamiko la gitaa lilipungua sana. La mwimbaji wa hoteli lilikufa, ingawa kijana aliligeuza: sasa anasema ni mwimbaji wa hoteli mzuri. La maneno lilikwenda na ungo wa mchele.

Lile la mwendo halikuondoka. Hapa ndipo nilipopigwa.

Nilikuwa nimeshajiona hakimu. Nikamwambia, unaona, albamu hii ni taarabu ya Waingereza, isikilize kwa subira ya taarabu. Akaninyamazia mpaka wimbo wa kumi, "Perfect Sense", ukakatika, maana ni mfupi na unaisha kama mtu aliyefunga mlango taratibu. Kisha akauliza:

"Sawa, Mjomba. Tutamtuza wapi?"

"Vipi?"

"Kwenye taarabu kuna pahali mtu anainuka na noti yake. Kiitikio kinakuja, watu wanaitikia, mama fulani anakwenda mbele anamtuza mwimbaji kwa sababu lile neno limempata adui yake. Humu ni wapi? Nionyeshe pahali pamoja."

Mama akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nikazipitia nyimbo kichwani, moja moja. "Mirrorball" hapana, ni wa kukaa. "Sculptures" ni wa kukaa gizani. "Jet Skis" unapita kama feni. "Big Ideas" una orkestra nzima, na ndani yake Turner mwenyewe analia kwamba alikuwa na mawazo makubwa ya bendi na sasa hayakumbuki vizuri. Mzuri mno, lakini ni wa mtu mmoja na nafsi yake. "Hello You" nilitaka kuutetea, nikashindwa kuukumbuka, na tulikuwa tumeusikia robo saa iliyopita. Mwisho wa "Body Paint", labda, pale gitaa zinapofunguka. Pahali pamoja tu. Katika dakika 37.

Kijana alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoisema mwanzo. Mwendo wenyewe si tatizo. Bashraf inakwenda polepole kuliko hizi, na nyimbo za udi za Lamu zinaweza kukaa pahali pamoja dakika kumi na usichoke. Kilichokosekana ni nafasi ya msikilizaji. Taarabu ya taratibu inakuacha mlango wazi: kiitikio, pumziko la ala, mstari unaorudiwa ili uupokee. The Car inazunguka, imefungwa kutoka ndani, nawe unatazama dirishani. Matt Helders, ambaye kwenye "Brianstorm" mwaka 2007 alipiga ngoma kama mtu anayefukuza nyuki, humu amepewa kazi ya kupapasa. Wanne waliokuwa wakisukumana wamekuwa mmoja na orkestra yake, na watatu waungwana wanaokaa kimya. Nusu ya pili, baada ya "Big Ideas", inalegea, na sioni spika itakayoisimamisha. Na mitambo yangu ni mizuri.

Turner analijua lawama hili. Katika "Sculptures" kuna mstari anamcheka mtu anayetoboa povu lake la kuonekana mwenzao watu kwa sauti yake mpya mbaya, na ukisoma hapo hapo unajua anajisema. Mpwa wangu nilipomuonyesha alikasirika upya. Kwake, mtu akijua kosa na akalifanyia mzaha, kosa linakuwa mawili. Mimi nilicheka. Tuliachana hapo.

Yaliyofuata

Mwaka uliofuata albamu iliingia katika orodha ya wanaowania tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora Uingereza, na haikushinda. Juni 2023 walipopanda jukwaa kuu la Glastonbury, tamasha kubwa la muziki Uingereza, mara ya tatu, walifungua kwa "Sculptures of Anything Goes", ule ambao kwenye feri ulikuwa haujaanza. Mpwa wangu aliitazama kwenye simu yangu, kwangu, kwa spika zangu. Besi ilipoingia aliinua kidole bila kusema neno, na walipohamia "Brianstorm" akasimama juu ya kochi. Akaniambia bado anashikilia neno lake, mradi wakipanga nyimbo mpya katikati ya zile za zamani mahali pa kutuza panapatikana.

Kwenye simu yake amebakisha sita na kufuta nne. Zilizofutwa ni "Jet Skis", "Hello You", "Mr Schwartz" na, kwa ukaidi tu naamini, "The Car" yenyewe. Huo wa mwisho tunagombana mpaka leo. Mimi naona solo yake ndiyo pahali pekee albamu inapofungua dirisha bila kuombwa. Yeye anasema solo ya kupigwa kwa woga hivyo hata yeye na nyuzi zake nne angeipiga. Iafoni amenunua mpya, Mwembe Tayari, na alipozijaribu pale pale kwa muuzaji alimfanya yule bwana asubiri mpaka asikie kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

Mama ana redio ndogo ya flash anayoiweka dirishani jikoni. Wiki mbili baada ya ile Jumamosi aliniletea flash yake nimtilie "ule wa kusindikizwa". Nikautia, ukakaa kati ya Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, na kwa kuwa majina ya Kiingereza hayasomi nikauandika WIMBO WA GARI. Siku moja fundi wa maji alikuwa pale jikoni ukapiga. Akamuuliza ni kikundi gani cha taarabu hiki, hakitambui. Mama akamwambia ni cha Wazungu, kizuri, ila hawajui kuitikia.